Deni lililokuwa linanimaliza halikuwa lile kubwa

Kuna hodi na hodi. Ya jirani unaijua, ya mtoto katumwa chumvi unaijua, afu kuna ya mtu wa rejesho, inapigwa mara mbili tu halafu anakaa kimya anasubiri, maana anajua upo ndani. Mimi kuanzia Januari 2024 mpaka katikati ya mwezi wa tano niliishi na hiyo hodi kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zimo, saa tano asubuhi nikiwa bado nahesabu chenji za chapati, mkono una unga, na yule kijana keshafika na kidaftari chake, "mama, habari za asubuhi, tumekuja." Kijana wa watu mpole tu, hata sina ubaya naye, lakini nikisikia pikipiki inapunguza moto pale kwenye kona tumbo lilikuwa linakata.

Nimeamua niandike hii kitu yote kama ilivyokuwa na hela zake, kwa sababu wakati nahangaika nilikuwa natafuta mtu anieleze kwa shilingi, nikawa nakutana na maneno ya weka akiba, punguza matumizi ya anasa. Anasa gani jamani. Sisi tunakaa Mbagala, vyumba viwili, watu watano, mume wangu mlinzi analipwa 320,000 kwa mwezi, mimi nauza chapati na maandazi pale nje asubuhi. Anasa yetu ilikuwa soda siku ya Idi.

Ilivyoanza ni hivi. Januari kama mnavyoijua, mtoto wetu wa kwanza kachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya serikali ya kutwa, ada hamna ni kweli tangu 2016 ada imefutwa, ila mtoto haendi uchi, sare, viatu, begi, sweta, madaftari makubwa, vyote 140,000. Na kodi ya nyumba inaisha mwisho wa mwezi uleule, 70,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 420,000 mkononi. Tulikuwa tumejikusanya tuna 270,000. Hapo pengo ni 290,000. Nilikuwa nafikiria mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia kumi ya mapato yake, nne kati ya hizo kumi za wanawake, lakini kipindi kile serikali ilikuwa imeisimamisha tangu 2023, ilikuja kurudi baadaye mwaka uleule mimi nimeshaungua. Nikaenda kwenye ofisi moja ya mikopo ya haraka huku mtaani. Picha mbili, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini, unaandikisha vitu vya ndani, dakika arobaini umetoka na hela. Laki tatu, wanakata elfu kumi ya fomu, napata 290,000 ile ile niliyokuwa naitaka, nikaona kabisa hii riziki imepangwa. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku thelathini.

Kosa langu naliandika hapa waziwazi kwa sababu najua kuna dada au kaka anataka kulifanya kesho. Nilipiga hesabu kwa mauzo. Mimi kwa siku nauza chapati arobaini za 500, hiyo 20,000, na maandazi sabini na tano ya 200, hiyo 15,000, jumla 35,000. Nikajiambia kwenye 35,000 nitashindwaje kutoa 13,000. Kumbe kwenye hiyo 35,000 unga, mafuta, sukari, mkaa na hamira vinakula 25,000. Faida yangu ni 10,000. Nimesaini kulipa 13,000 kwa siku kwenye biashara inayonipa 10,000 kwa siku, ile elfu tatu inayopungua kila siku inatoka wapi kama siyo kwenye mtaji, na mtaji ukipungua kesho unakanda unga kidogo, ukikanda kidogo unauza kidogo, rejesho liko palepale.

Wenyewe mtaani tunaiita kausha damu na jina limetulia.

Siku thelathini zikaisha nikawa nimelipa 390,000, na siku niliyomaliza ndo siku ambayo sina hata hela ya kilo ya unga wa biashara. Yule kijana akaniambia mama we ni mteja mzuri, ukitaka leo hii unachukua tena. Nikachukua tena. Na tena. Na ya nne. Elfu kumi ya fomu kila mara, elfu tisini ya riba kila mzunguko. Mizunguko mitatu niliyoimaliza nilishalipa riba 270,000 kwa ajili ya laki tatu ileile moja. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Elfu kumi na mia tano! Mimi nalipa elfu tisini na nasema ahsante. Hii ya kikomo nimekuja kuijua nimeshatoka, ndo maana naisema mapema hapa isije ikapotea chini huko.

Mwezi wa nne mwanzoni nikaingia mkopo wa kikundi ili kuokoa mtaji. Wamama kumi na tano, tunakutana kila Jumanne chini ya mwembe, laki nne unarudisha 32,500 kwa wiki kumi na sita. Kwa riba ni afadhali kuliko ile ya kila siku, ila kikundi kina kitu chake kingine, mnadhaminiana. Mmoja asipoleta, hakuna anayeondoka mpaka mchange hela yake, mnakaa pale watoto wanalia, chakula hakijapikwa, hasira zinapanda, mkishachanga mnanyanyuka wote kwenda kwake.

Nami nilienda. Hii ndo sehemu nilikuwa sitaki kuiandika lakini nisipoiandika nitakuwa nimedanganya. Wiki yangu ya tatu mama mmoja hakuja Jumanne mbili mfululizo, tukaenda kwake, tukamkuta anachambua tembele mlangoni. Hakugombana na mtu. Alisogea tu pembeni akatupisha. Wenzangu wakabeba tivii, mimi nikaambiwa shika king'amuzi, nikashika, na rimoti yake juu. Ile rimoti ilikuwa haina kifuniko cha nyuma, betri zimefungwa na gundi ya karatasi ile ya njano, na mtoto wake wa kama miaka minne akawa anatembea nyuma yangu anasema mama nanihii, mama nanihii, katuni. Mpaka tunafika kona. Nilikuwa na rejesho langu la kesho kichwani hata sikumjibu yule mtoto. Usiku nimelala naisikia ile sauti, na huku najua kabisa mimi ndo ninayefuata.

Basi nikaanza kuziba. Laini moja ya simu nikakopa, laini ya pili nikakopa, zile hela ndogondogo za elfu kumi elfu kumi na tano ambazo huoni hata kama ni deni mpaka mtu akutumie hela ya chapati ikaingia na kumezwa yote palepale. Mangi dukani akawa ananiandika, mara unga wa sembe, mara sabuni, mara mafuta ya 500, nikafika hatua napita njia ya nyuma ya msikiti nisimpitie mlangoni. Muuza unga wa ngano wa jumla naye nikamwomba anivumilie. Dada yangu yuko Morogoro nikamdanganya mtoto anaumwa akanitumia 150,000. Nilimdanganya dada yangu mwenyewe, mtoto mzima anacheza nje.

Na mume wangu alikuwa anajua mkopo mmoja tu, ule wa kwanza, na alijua umeisha mwezi wa pili.

Siku aliyojua ni siku yake ya mapumziko, katikati ya mwezi wa tano, usiku watoto wamelala. Hakunifumania wala nini, nilichoka tu. Nilikuwa nimetoka kumkopa mtu wa tatu siku hiyo kwa ajili ya 13,000 ya kesho, nikakaa kitandani nikamwambia baba watoto nina jambo. Nilitegemea makelele. Alikaa kimya muda mrefu sana mpaka nikasikia friji inazima na kuwaka, afu akasema, "Lete daftari la mtoto na kalamu. Taja yote. Usiniachie hata moja."

Nikataja. Alikuwa anaandika kwa mwandiko wake ule mkubwa wa kitabu cha getini. Ya kila siku, zimebaki siku kumi na nane, 234,000. Kikundi, wiki kumi na moja, 357,500. Simu, laini moja 48,000 nyingine 27,000. Mangi 64,500. Unga wa ngano 118,000. Dada 150,000. Akajumlisha mara mbili. 999,000. Akaniangalia akasema imepungua elfu moja kufika milioni. Nikalia hapo. Yeye hakulia ila aliinuka akaenda kunywa maji, akarudi akanishika bega akasema mama watoto, ungeniambia Februari.

Sasa hapa ndo nataka msomaji akae vizuri kidogo maana hili ndo lilinifanya nifungue macho. Mimi siku zote nilikuwa naogopa deni la kikundi kwa sababu ndo kubwa, 357,500, na ndo lina watu kumi na tano. Mume wangu akachora mstari akaandika upande mmoja deni, upande wa pili kwa mwezi linatoa shilingi ngapi ndani ya nyumba. Kikundi, 32,500 mara nne, 130,000. Ile ya kila siku, 13,000 mara thelathini, 390,000. Jumla 520,000. Afu akaandika tunachoingiza wote wawili, mshahara 320,000 na faida yangu siku ishirini na sita, 260,000, inakuja 580,000. Ukitoa inabaki elfu sitini. Kwa mwezi. Kodi peke yake ni sabini. Yaani hata tungekula upepo nyumba nzima bado tulikuwa tunahitaji kukopa, ndo maana nakopa kwenye simu, ndo maana nakopa kwa Mangi, haya madeni mengine yote manne yalikuwa ni watoto wa lile la kila siku. Lina 234,000 tu, siyo kubwa, lakini ndo linalochota theluthi mbili ya kila kinachoingia, na linachota kabla hujanunua chumvi.

Wengi wanasema anza na deni dogo upate moyo, wengine wanasema anza na lenye riba kubwa. Mimi kwa maisha ya huku kwetu, kipato cha siku kwa siku, nasema angalia kwanza ratiba. Deni la dada yangu halikuwa na ratiba, la kikundi ni la wiki, la Mangi ni la aibu tu. La kila siku linakunyima hata nafasi ya kufikiri, kila jua likichomoza unatafuta 13,000, hutafuti maisha.

Kwahiyo tukakubaliana lile life kwanza na life mara moja, tusilipe kidogokidogo maana hiyo kidogokidogo ndo ugonjwa wenyewe. Tuna nini? Tuna friji. Tuliinunua 420,000 siku zile mambo mazuri, na nilikuwa nauza barafu na maji baridi napata kama 1,500 kwa siku, kwahiyo siyo pambo, iliniuma. Fundi wa mafriji Rangi Tatu akaja akaikagua akasema 160,000, tukavutana mpaka 180,000. Ilivyotoka mlangoni ilibaki alama nyeupe ukutani, mdogo wetu kila akipita anaigusa. Pia nilikuwa kwenye mchezo, wamama kumi, elfu kumi kwa wiki, zamu yangu ilikuwa bado wiki sita, nikamwendea kijumbe nikamweleza ukweli wote bila kuficha, akanitafutia aliyekubali kubadilishana, nikapokea 100,000. Hapo 280,000.

Siku ya pili yule kijana alipofika nikamwambia leo nataka tumalize, nipigie hesabu yote. Nikaomba anipunguzie riba kwa sababu nalipa kabla, akapiga simu ofisini wakakataa. Sawa. 234,000 nikahesabu mbele yake, nikamwambia andika nimemaliza, weka sahihi na tarehe, na ile karatasi ya kuandikisha vitu vyangu nirudishieni. Alirudi nayo jioni. Akaniambia tena ile ya mama we ni mteja mzuri. Nikamwambia baba, Mungu akubariki, lakini usipite tena hapa kwa ajili hiyo, ukitaka chapati njoo. Ile 46,000 iliyobaki, 20,000 kwa Mangi nikiingilia mlango wa mbele, na 26,000 kwenye mtaji.

Kesho yake saa tano haikupigwa hodi. Nilikaa pale nje na ndoo yangu ya maandazi, sina la kufanya, nikashangaa jinsi asubuhi ilivyo ndefu.

Lakini msidhani hapo ndo raha. Tulikuwa tumebaki na 745,000 na bajeti ya kubana pumzi. Kwenye 580,000 unatoa 130,000 ya kikundi, 40,000 ya mchezo (sikutaka kuwatoroka wenzangu nimeshapokea), 70,000 ya kodi tukaanza kuiweka kila mwezi kwenye kibubu cha mbao kilichopigwa misumari, hakina mlango. Inabaki 340,000. Chakula tukasema 7,000 kwa siku, watu watano, hiyo 210,000. Zinazobaki 130,000 ndo nauli ya baba 600 kwenda 600 kurudi, mkaa, maji, umeme, nauli ya mtoto wa sekondari, sabuni, na mgonjwa akitokea basi tena ni Mungu.

Elfu saba ya watu watano inawezekana lakini inataka akili yako yote. Asubuhi uji au chai na viporo. Mchana watoto wa shule ya msingi wanarudi, mihogo au ugali na mchicha. Usiku ugali dagaa, maharage mara mbili kwa wiki nikiyaloweka mapema yasile mkaa, wali Ijumaa. Nyanya nanunua zile zilizolainika jioni wakati wanafunga genge, fungu la 1,000 linakuwa la 500. Dagaa nachukua kwa kisado siyo kwa fungu. Nyama tuliiona Idi.

Ila kitu kilichonishangaza kuliko vyote siyo sokoni, ni kwenye ndoo yangu mwenyewe. Nilikuwa nakula biashara bila kujua. Watoto wanaamka wanachukua maandazi, wa jirani akilia nampa, mume akirudi kazini chapati mbili, mafuta ya kupikia nyumbani nachota kwenye dumu la biashara, sukari hivohivo. Mume wangu akasema kuanzia leo chapati siyo ya nyumbani, ni ya biashara, mkila mnalipa. Tukaweka makopo mawili ya Blue Band, moja la biashara moja la chakula, kila andazi linaloliwa ndani 200 inatoka kopo la chakula inaingia kopo la biashara. Wiki ya kwanza niliona kama utani, mwisho wa wiki nikahesabu, maandazi kumi kwa siku, 2,000. Kwa mwezi ni 60,000 tulikuwa tunazila na kusema biashara hailipi. Baada ya hapo watoto wakala maandazi matatu kwa siku siyo kumi, uji ukaongezeka, na ule mtaji ukaanza kunyanyuka wenyewe, mwezi wa saba nikawa nakanda unga kama zamani.

Kodi nayo tuliigusa ratiba. Nilimfuata mwenye nyumba, mzee wa watu, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamweleza kwamba ile ya miezi sita ndo iliyonitupa kwenye shimo, nikamwomba nimpe kila mwezi. Akakataa, akasema kila mwezi atakuwa ananifuata kama mtoto. Nikarudi na mume wangu wiki iliyofuata tukaomba miezi mitatu, akafikiria, akakubali. Mwisho wa Julai tukavunja kibubu mbele yake kwa nyundo, 210,000 kamili, noti nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa kama tiketi. Alicheka yule mzee akasema hajawahi kulipwa kwa nyundo.

Kikundi kiliisha siku zilezile. Jumanne ya mwisho nilipeleka 32,500 yangu, katibu akasema nani anaendelea na mkopo mpya, mikono ikanyanyuka, nikachukua kitabu changu nikaondoka. Na hapo tena tulifanya kitu ambacho naona kilitusaidia sana, ile 32,500 ya kila Jumanne hatukuirudisha kwenye matumizi. Iliendelea kutoka Jumanne ileile kana kwamba kikundi kipo, ila sasa inaenda kwa watu wangu. Agosti wiki nne, 130,000, muuza unga akapata 118,000 yake yote na 12,000 ikaingia kwenye laini. Septemba tukamaliza Mangi 44,500 na simu zote mbili, laini ya pili nikaivunja kabisa. Kwenye daftari la Mangi alipiga mstari mrefu juu ya jina langu, akaniongezea kiberiti bure. Kiberiti! Nilikitunza wiki nzima.

Kuhusu mikopo ya mtandaoni, mimi nilikuwa karibu kabisa kuingia mwezi wa nne, ile unapakua programu unaweka kitambulisho inakuomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako. Jirani yangu aliingia. Alichelewa siku mbili, meseji zikaenda kwa mchungaji wake, kwa bosi, kwa mkwe, kwamba huyu ni tapeli anadaiwa. Alikaa ndani siku tatu. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, nilivyosikia nikakumbuka yule mama. Nawaomba, ukikopa kwa shida zako, na shida zipo siwezi kukuambia usikope, omba uone leseni, omba nakala ya mkataba ubaki nayo, soma utalipa jumla shilingi ngapi, na kadi yako ya benki usimwachie mtu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ipo tangu 2018. Ukiona mtu hataki ukae na karatasi, nyanyuka.

Dada nilimwacha wa mwisho kwa sababu yeye hanidai kwa hodi. Lakini ndo lilikuwa zito. Wiki tano, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, Jumanne ya mwisho nikamtumia 20,000 ya kumalizia, nikampigia. Nikamwambia na ukweli kwamba mtoto hakuwa anaumwa. Akanyamaza. Akasema, "Nilijua. Ulipiga simu huku nyuma nasikia anaimba." Hakuongeza neno, akaniuliza mvua huko Dar zimeanza?

Kibubu kipya kipo uvunguni. Friji bado hatuna, alama ya ukutani ipo.

Kuna kimoja kilikuwa kinanisumbua. Yule mama wa rimoti alihama, nikasikia yuko Chamazi, nikaulizia mpaka nikapata, Jumapili moja mwezi wa kumi na moja nikaenda na chapati kumi nimezifunga kwenye kanga. Mtoto wake karefuka, hakunikumbuka. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, mimi ndo nilibeba king'amuzi chako. Akasema nakukumbuka vizuri tu, ulivaa dera la bluu. Akanipa kigoda. Tukakaa, chai ikachemka, akagawa chapati kwa watoto, moja akaiweka juu ya kabati ya baba yao. Ile tivii hawakurudishiwa. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwuliza mara ya pili. Wakati natoka akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza siku hizi chapati nauza shilingi ngapi, nikamwambia 500 ileile, akasema unga umepanda, unapataje faida hapo, na tukasimama tunapiga hesabu mpaka daladala ikaja.